Mwasmini wa Kumngoja Baba

Mkwe wangu ana mkono mwepesi. Hukata kila kitu isipokuwa maneno, na tangu mwanangu aende Tanga kutafuta kazi, mkono huo umezidi. Juzi nilikuwa nimejinyoosha chumbani baada ya adhuhuri, nikasikia kisu kikifanya kazi uani, na kabla sijauliza ni nini kinachokatwa harufu ilikwisha kuniambia. Si harufu ya maua, maana ile kila mtu anaijua. Ni harufu ya mti wenyewe wa asmini unapokatwa, mbichi, chungu kidogo, harufu inayong'ang'ania vidoleni hata ukinawa. Nikaketi kitandani machozi yakanitoka, mtu mzima na mvi zangu.

Nilipotoka nikamwambia asivitupe vile vijiti. Akasema, "Takataka hizi, mama?" Nikamwambia avilaze kivulini mpaka jua lipoe, nitamwonyesha pa kuvichomeka. Alinitazama kwa lile jicho ambalo vijana wanatutazama nalo wakidhani akili zimeanza kutuaga. Sikumweleza kitu. Nawaandikia ninyi wa rika langu, ambao hamna haja ya kuelezwa Bagamoyo ilikuwaje kabla bendera hazijaanza kubadilishwa, wakati mji mzima ulikuwa ukiishi kwa kutega sikio upande wa bara.

Sauti zile mnazikumbuka. Kwanza baragumu, mbali, huko mashambani. Halafu ngoma, halafu bunduki zikipigwa hewani kwa furaha, na hapo hakuna mtoto aliyebaki nyumbani. Tulikuwa tukikimbia mpaka njia ya bara kutazama msafara ukiingia, wapagazi wamekwisha kuoga na kuvaa nguo walizozifunga njia nzima kwa ajili ya siku hiyo, pembe za ndovu mabegani. Baba yangu alikuwa mnyapara wa misafara hiyo. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia wapagazi wa tajiri mmoja wa mjini, wakienda Unyamwezi na nguo na shanga, wakirudi na pembe. Alikuwa mtu mpana, na sauti yake ilizoea kuita watu walio mbali, kwa hiyo hata akiomba chumvi tu, jirani walijua leo tunakula nini.

Safari ninayoisema aliondoka masika yakiwa yanamalizikia, udongo bado umelowa. Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya ukuta wa mawe, alikuwa akikaa Bi Sherbanu, mke wa Mhindi mwenye duka la nguo. Alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kilikuwa cha haraka kuliko chetu, na uani kwake kulikuwa na mwasmini mkubwa uliopanda ukuta mpaka ukawa unachungulia kwetu. Mama alikuwa akiutamani mti ule siku nyingi, na hatimaye alipiga moyo konde akaomba tawi. Likaja asubuhi ile ile ya safari, limefungwa katika kitambaa kilicholoweshwa. Baba, ambaye wenziwe walikuwa wakimngoja njiani, akasema hatoki mpaka alipande kwa mkono wake.

Bi Sherbanu hakuja kwetu kwa kuwa baba alikuwepo, lakini sauti yake ilikuja. Ilipita juu ya ukuta ikamfundisha baba kazi tangu mwanzo hadi mwisho.

"Usichukue kijiti kibichi, kitaoza. Wala kikavu, hicho ni kuni. Chukua cha katikati."

"Nimechukua," baba akasema.

"Kata chini ya kifundo, mshazari. Majani ya chini yatoe yote. Vifundo vya chini viingie ardhini, maana mizizi hutokea hapo. Na usikisimamishe wima, kilaze kidogo. Umekilaza?"

"Kimelala, Bi Sherbanu, kinakoroma."

Mama akacheka. Nakikumbuka kicheko hicho kwa sababu sikukisikia tena kwa muda mrefu. Baba alikuwa amechimba karibu na bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, akachanganya udongo na mavi ya mbuzi yaliyokwisha kukauka na kuwa vumbi. Akashindilia kwa kisigino, taratibu. Mimi nilikuwa nimemng'ang'ania mguu wa pili, nalia. Akainama akaniambia, "Mwanaisha, unauona huu? Huu ukitoa maua, utaniona."

Alisema vile mtu anavyosema akitaka kuachiwa mguu wake. Alikuwa ameipiga hesabu ya safari na hesabu ya mti, akaona zinakaribiana, basi. Lakini mimi niliyachukua maneno yale vingine kabisa. Nilielewa kwamba maua ndiyo yatakayomwita. Kama baragumu linavyowatoa watu majumbani, ndivyo asmini itakavyomtoa baba bara, na isipotoka, hatasikia. Nikamwachia mguu. Kazi nilikuwa nimekwisha kuipata.

Kile kijiti nilikilea. Mama alikitilia kivuli kwa pakacha kukuu, nami nikakaa mbele yake kuwafukuza kuku. Maji ya kuoshea mchele sikuruhusu yamwagwe pengine, na maji ya kuoshea samaki nilikuwa nikiyabeba kwa mikono miwili, hata nikinuka. Ilinijia hamu kubwa ya kukivuta kidogo nione kama kimeota mizizi, na naamini Bi Sherbanu alikuwa na macho katika ukuta, maana siku niliponyoosha mkono sauti ilikuja: "Usikivute. Ukikivuta unakikata miguu." Nikaurudisha mkono mgongoni. Kabla kipupwe hakijaisha, pale kwenye kifundo cha juu pakatokea jani dogo linalong'aa, nikaenda kumwambia kila mtu mtaani kwamba baba ameanza kurudi.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Mwanamke ambaye mumewe yuko bara hajitii maua nyweleni. Hafungi kikuba cha maua kifuani, hajifukizi udi, na akienda harusini anakaa na wazee. Hakuna anayemlazimisha, lakini akifanya vingine watu wataona. Bi Sherbanu, kwa wema au kwa kusahau, alikuwa kila magharibi akitupitishia juu ya ukuta asmini zilizotungwa uzi, na mama alikuwa akizipokea kwa shukrani, kisha ananituma nizipeleke nyumba ya pili kwa mwari wao. Mimi hakuna aliyeniambia desturi hiyo. Watoto hawaambiwi vitu kama hivyo, huachwa wavione. Na nilichokiona mimi ni mwanamke aliyeomba mti wa asmini kisha akayakataa maua yake.

Kulikuwa na jambo la pili. Kila baragumu lilipolia, mama alikuwa akichukua mtungi wake, anajitanda leso, anakwenda kisimani. Wanawake wengine wote wanakimbilia msafara, yeye kisimani. Akakawia huko, na akirudi mtungi una maji nusu, au hauna kitu kabisa, akasema kisima kimejaa watu. Nikaona mama yangu anaukimbia msafara. Nami pia siku hizo nilikuwa siendi, ila mimi nilikuwa na sababu. Nilikuwa nautazama mti, naona hauna ua, basi baba hayumo, niende kufanya nini? Wenzangu walinicheka sana kwa hilo. Nikajitia hamnazo.

Joto la kaskazi lilipokuja, mwasmini ulikuwa umenifika magotini na umeanza kutoa vitumba. Mnavijua, vidogo, vyeupe, punje za mchele zilizosimama kwenye ncha za matawi. Nilivihesabu jioni nikalala na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Asubuhi vilikuwa havipo. Nikadhani ni kuku. Vikatoka vingine, navyo vikaenda. Siku moja niliamka mapema kwa haja zangu, na kabla sijafika bafuni nikamwona mama. Alikuwa ameinama juu ya mti, anachuma vitumba kimoja kimoja kwa ncha za vidole, haraka haraka, anavitia katika pindo la leso na kupiga fundo. Alipomaliza akashika ufagio na kufagia pale pale, kama mtu aliyetoka kwa ajili ya kufagia.

Nilikwenda kwa Bi Sherbanu nikiwa nimefura. Alikuwa amekaa kwenye busati anachambua dengu. Nikamwamkia, nikauliza kwa ujanja, bila kumtaja mtu.

"Vitumba vikichumwa kabla havijafunguka, mti unakufa?"

"Haufi. Unanenepa. Mti mchanga ukiuachia maua, nguvu zake zote zinakwenda huko, wenyewe unabaki ufito. Wangu mwaka wa kwanza sikuuachia hata kimoja."

"Mpaka lini?"

Akanitazama. "Mpaka ukufike kiunoni. Nani anavichuma?"

"Hakuna," nikasema.

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Kumbe mama anaunenepesha. Nikawa kila siku nakwenda kusimama kando ya mti kujipima nao, na tabu ikawa kwamba nami nilikuwa nikikua, kwa hiyo kiuno changu kilikuwa kikiukimbia. Lakini masika yalikuwa mazuri mwaka ule. Mvua zilipokatika mwasmini ulikuwa umekipita kiuno, ukaja ukanifika kifuani, mnene, matawi yamejaa pande zote. Hata Bi Sherbanu aliusifu. Na mama akaendelea kuchuma.

Hapo nikabaki bila maelezo, isipokuwa moja. Mama hataki baba arudi. Mtoto akipata wazo kama hilo haliachii, hulitafutia mashahidi, na mashahidi nilikuwa nao tele: maua anayoyagawa, mtungi wa maji, jina la baba ambalo halitaji tena. Nikaanza kuamka kabla yake, nakwenda kuukalia mti. Akinikuta pale alikuwa akinituma kaa la moto kwa jirani, na nikirudi ncha za matawi ziko tupu. Alikuwa na akili kunizidi, na hilo si ajabu, alikuwa mama yangu.

Siku moja nilishindwa kujizuia. Alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, wewe humtaki baba?"

Ungo ukasimama. "Nani kakwambia neno hilo?"

"Hakuna."

"Basi usilirudie tena." Akaendelea kupepeta. Hakusema namtaka. Nilingoja aseme, nikakaa pale mpaka mchele ukaisha, na hakusema. Nililala na uchungu ule siku nyingi.

Baada ya hapo uliingia msafara mmoja mkubwa, na siku iliyofuata wakaja wanawake wawili ambao waume zao walikuwa katika safari ya baba. Walikaa na mama ukumbini, wanaongea chini chini, na nilipoingia wote wakaanza kusifu mchele. Leo najua walichokuja kusema. Waume zao walikuwa wamerudi. Baba hakurudi nao. Walimwacha Unyamwezi, ameshikwa na homa, hajitambui, katika nyumba ya mtu aliyekubali kumwangalia, na walipokuwa wakiondoka hakuna aliyedhani atainuka. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amemzika, kwa hiyo mama hakuweza kukaa eda, wala hakuweza kujitia ua nyweleni. Alikaa hapo katikati, anapika, anafagia, anaamka kabla yangu.

Wiki ile ile akakata mti. Bi Sherbanu alikuwa amesema mwasmini hupunguzwa kabla ya vuli, ukatwe mpaka magotini, mvua ikija utachipua upya. Mama alichukua kisu akaukata chini ya magoti. Ulibaki mkono wa vijiti tupu umetoka ardhini, na uani kote kukajaa harufu ile niliyowaambia, ya mti wenyewe. Alikata bila kupumzika, na alipomaliza akabaki ameshika kisu, hajui akiweke wapi.

Sikulia. Nilinuna. Nilikusanya matawi yote katika leso yangu kuukuu nikaanza kazi. Nilichagua vijiti vya katikati, si vibichi wala vikavu. Nikavikata chini ya kifundo, mshazari, nikavitoa majani ya chini. Nikavichomeka kando ya ukuta wote, na ukuta ulipoisha nikazunguka nyumba, nikapita chini ya dirisha, nikafika mpaka mlangoni. Sikumsemesha mama hata neno. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mti mmoja aliuweza, na tuone kama hii yote ataiweza.

Mama alisimama mlangoni ananitazama. Mchana ulipopoa akatoka na mtungi, akavimwagilia, kimoja baada ya kingine, kuanzia mlangoni mpaka kwenye bafu. Hakuruka hata kimoja. Nikasema moyoni, huyu ana njama mpya.

Mvua za kwanza za vuli zilikuwa zimenyesha na vijiti vyangu bado ni vijiti, baragumu lilipolia tena. Mtaa mzima ukatoka. Mama akachukua mtungi, akajitanda leso, akaondoka. Mimi nilibaki uani nang'oa majani kati ya vijiti, nasikia ngoma kwa mbali, moyo haukunidunda hata kidogo. Kulikuwa hakuna ua hata moja katika dunia yetu nzima.

Bunduki zilikuwa bado zinalia upande wa njia kuu nilipoona mtu anatokea kwenye kichochoro cha nyuma, kile kinachotoka mashambani. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, amejifunga kitambaa kilichochakaa, ana kifurushi na fimbo, na kila hatua alikuwa akiifikiria kwanza.

"Hodi," akasema.

"Shikamoo. Mama hayupo, kaenda kisimani."

"Marahaba." Akaegemea ukuta. "Wewe si Mwanaisha?"

"Ndiye mimi."

"Umekuwa mkubwa. Mimi ni baba yako."

Nilimtazama. Baba yangu alikuwa mpana, na sauti yake ilisikika mpaka dukani kwa Mhindi. Huyu ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie. Nilimwonea huruma, nikamjibu kwa adabu.

"Baba yangu bado. Maua hayajatoka."

Hakukasirika. Akautafuta mti kwa macho, pale bafuni, akauona ulivyo. Kisha akaona vijiti. Akavifuata kwa macho kando ya ukuta, mpaka pembeni, mpaka chini ya dirisha.

"Nani kapanda hivi?"

"Mimi. Ni asmini."

"Vyote hivi?"

"Vyote. Akivichuma vitumba vya huku, vya kule vitabaki."

"Nani anavichuma?"

"Mama," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu.

Kisha akateremsha kifurushi, akakaa chini polepole kando ya kile kisiki cha mwasmini, mgongo kwenye ukuta, akanyoosha miguu iliyojaa makovu.

"Basi nitangoja," akasema.

"Itachukua siku nyingi."

"Nimezoea."

Mgeni ni mgeni, nikaenda kumletea maji kwa kata. Alikunywa, na yaliyobaki akayamwagia kijiti kilichokuwa karibu naye. Jambo hilo lilinipendeza, nikakaa naye mbali kidogo, nikimlinda.

Mama akarudi kwa mlango wa mbele. Nilimsikia, nikakimbia ndani. Leso ilikuwa imemfunika mpaka machoni, na mtungi ulikuwa mkavu, hata haukuwa umelowa.

"Mama, kuna mzee uani anasema yeye ni baba. Nimemwambia angoje maua."

Aliuteremsha mtungi ule mtupu kwa uangalifu, kama umejaa mpaka shingoni. Akapita ukumbini, akafika mlango wa uani, akasimama. Baba alijaribu kuinuka, ikamshinda, akabaki ameshika ukuta.

"Hujambo, mama Mwanaisha."

"Sijambo," mama akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana. "Nimetoka njiani sasa hivi. Nimewauliza wote wa mbele, hakuna anayekujua."

"Sikuwa na hao. Nimekuja na wagonjwa, nyuma, tukapitia mashambani."

"Kila baragumu nimekwenda. Kila moja. Leo nilisema ikiwa humo sitakwenda tena."

"Ungekwenda," baba akasema.

"Ningekwenda," mama akakubali, na leso ikamwanguka kutoka usoni.

Nilisimama kati yao, nikaufikiria ule mtungi, mara zote nilizouona ukirudi mtupu. Kisima hakikuwa na watu. Mama hakuwa kisimani.

Kisha akageuka ghafla, akafuta uso, akawa mama wa nyumba. "Na nguo hizo haziingii ndani," akasema, akaenda chumbani. Nilimfuata. Akafungua kasha la baba, lile ambalo sikuruhusiwa kuligusa, akatoa kanzu yake nyeupe iliyokunjwa juu kabisa, akaikung'uta.

Vikamwagika. Vilitoka katika mikono ya kanzu, katika mikunjo, vikaruka sakafuni mpaka chini ya kitanda: vitumba vya asmini, vikavu, vimekuwa rangi ya hudhurungi. Akatoa kanzu ya pili, vikatoka na humo. Kikoi, vikatoka. Havikuwa na sura tena lakini harufu ilikuwepo, ndogo, ya mbali, ikajaza chumba. Nikapiga magoti nikaokota.

"Kumbe yalitoka," nikasema.

Mama akakaa sakafuni kando yangu, kanzu mapajani. "Yalitoka, mwanangu. Mapema. Yalitoka na yeye hajaja." Akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Ungeyaona yamefunguka, ukakimbia njiani, usimwone. Ningekwambia nini? Nilikuwa sina la kukwambia. Nikasema, bora mti useme bado."

Nilimpenda mama yangu saa ile kwa mapenzi yaliyoniumiza kifua, na bado yananiuma ninapoandika, naye amekwisha kutangulia mbele ya haki miaka mingi. Lakini mtoto ni mtoto, na nilikuwa na kazi niliyopewa. Nilijaza viganja viwili, nikatoka navyo uani, nikasimama mbele ya yule mzee.

Nikamfungulia viganja. Aliviangalia, kisha akaniangalia mimi, na hapo ndipo nilipoyatambua macho, maana macho hayakuwa yamekonda.

"Karibu, baba," nikasema. "Maua yapo."

Akainuka kwa kushika ukuta na bega langu. Alipofika kizingitini mwa nyumba yake mwenyewe akapiga hodi, na mama, kutoka ndani, akamwitikia.

Jioni ile Bi Sherbanu alipitisha juu ya ukuta uzi wa asmini, na kwa mara ya kwanza mama hakunituma popote. Vijiti vyangu vingi vilishika, tukaishi katika nyumba iliyozungushiwa miasmini, na kaskazi watu walikuwa wakipita kwetu makusudi.

Juzi hiyo, jua lilipopoa, mimi na mkwe wangu tulivichomeka vile vijiti, mshazari, vifundo chini. Alifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Mwanangu hajaleta habari tangu aondoke, na mjukuu wangu mdogo ameanza kuuliza. Tulipomaliza, akiwa amechuchumaa bado, mkwe wangu akaniuliza vikitoa vitumba vya kwanza tuviache au tuvichume.

"Vichume," nikamwambia. "Lakini usivitupe. Vitie katika nguo za mumeo."